Walinzi wa Tumboni na Mtoto Asiyekula Kamba



Baada ya swala ya Alasiri, siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita, tulijiwa msikitini na mama mmoja aliyemshika mkono mwanawe wa kiume, umri wake miaka sita. Alitaka mtoto azinguliwe. Kila alapo kamba, alisema, midomo humvimba na ngozi humtoka mabaka, na mara ya mwisho alikohoa hadi sauti ikamkauka. "Sheikh, mavyaa yangu asema ni jicho. Watu wamuona mtoto mzuri, wamtupia jicho akiwa mbele ya sinia."

Tulimuuliza kama hayo humpata alapo nyama au samaki. Akasema la, ni kamba pekee. Tukamuuliza tena kama yalimpata hata walipokula ndani peke yao, mlango umefungwa, hapana mgeni. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hata siku hiyo, Sheikh."

Jicho ni haki, nasi hatulikanushi. Lakini jicho halingojei kamba. Shida ijayo na chakula kimoja, kila mara, kwa dalili zile zile, ina sababu yake, na sababu hiyo Mwenyezi Mungu amewajaalia waja wake kuichunguza. Tulimsomea mtoto dua, kisha tukamuomba mama ampeleke kwa daktari. Alikuwa na haraka, nasi tulikuwa na darasa la jioni, hivyo mengi hayakusemwa. Tumeona tuyaandike hapa, kwani twajua si yeye peke yake mwenye mtoto wa namna hii.

Wazee wetu walikuwa na neno lao, mzio: chakula ambacho mtu hakili kwa kuwa chamdhuru. Neno hilo ndilo madaktari wanalolitumia leo. Wazee waliujua mzio kwa macho. Lililobaki ni kuujua kwa ndani, na ndani kwenyewe ni tumboni.

Nyumba na wapigao hodi

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi, na ukuta wake wa ndani kabisa umefunikwa na safu moja tu ya seli. Upande mmoja wa safu hiyo kuna chakula, maji, bakteria na kila kilichomezwa. Upande wa pili kuna damu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili, zile askari tulizojaaliwa kupambana na maradhi, zimepiga kambi papo hapo, nyuma ya ukuta huo.

Kazi yao ni ngumu kuliko tudhaniavyo. Kijidudu cha kipindupindu ni kigeni mwilini, na yapasa kipigwe vita. Lakini wali nao ni mgeni. Yai ni geni, samaki ni mgeni, karanga ni ngeni. Lau askari hawa wangempiga kila mgeni, hakuna tonge ambalo lingetunufaisha. Mwenye nyumba mwenye busara hamkaribishi kila apigaye hodi, wala hamfukuzi kila asiyemjua. Huuliza, hutazama, kisha huamua.

Kwa watu wengi mno tumbo huamua sawa. Mtoto aonjapo yai kwa mara ya kwanza, mwili wake hujifunza kwamba huyu mgeni ni wa amani. Wataalamu huiita hali hii ustahimilivu. Haiji kwa kuwa askari wamelala. Ni somo ambalo mwili husomeshwa, na pale somo lisiposhika, ndipo mzio huzaliwa.

Daktari asiyeweza kula samaki

Kisa kimoja katika elimu hii kinatufaa sana sisi watu wa pwani, kwa kuwa ni cha samaki. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau uliokuwa wa Ujerumani, walikuwako madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa na mzio wa samaki aliyepikwa. Walichukua maji ya damu yake wakayadunga katika ngozi ya Prausnitz, ambaye yeye samaki hakumdhuru. Siku ya pili wakadunga mahali pale pale maji yaliyotokana na samaki. Ngozi ya Prausnitz ikawasha na kuvimba.

Kwa jaribio hilo ilibainika kwamba mzio hubebwa na kitu kilichomo katika damu. Ilichukua miaka mingine zaidi ya 40 kukitambua. Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walikitambua katika miaka ya 1960: ni aina ya kingamwili ambayo leo yaitwa IgE.

IgE hufanya kazi hivi. Mwili ukikosea ukamdhania kamba kuwa ni adui, hutengeneza IgE ya kumtambua kamba. IgE hiyo huenda ikajibandika juu ya seli maalumu zilizotapakaa katika ngozi, koo, mapafu na matumbo. Seli hizo zimejaa kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Siku kamba aliwapo tena, IgE humkamata, na seli humwaga kemikali zote kwa pamoja. Ngozi hutoka mabaka, midomo hufura, tumbo husokota, njia ya hewa hubana. Yote hayo yaweza kutokea ndani ya dakika chache.

Kwa huyu kamba, kinacholeta ugomvi mara nyingi ni protini moja ya misuli iitwayo tropomayosini. Protini inayofanana nayo imo pia katika kaa, katika mende, na katika wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho. Kwa hiyo mwenye mzio wa kamba mara nyingi hudhurika na kaa pia, na wengine hudhurika kwa mvuke tu wa sufuria.

Wasuluhishi

Sasa twaja kwenye swali lenyewe. Ikiwa kila mtu ana askari hawa na silaha hizi, kwa nini wengi wetu twala kamba na kulamba vidole?

Jawabu ni kwamba miongoni mwa seli za kinga wamo wasuluhishi. Wataalamu huziita seli T za udhibiti. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuamini kwamba ziko. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell huko Marekani wakagundua jeni iitwayo FOXP3, na baadaye ikajulikana kwamba jeni hiyo ndiyo iziongozayo seli hizi. Mwaka 2025 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba.

Dalili ya umuhimu wake ni watoto wachache mno wazaliwao na hitilafu katika jeni hiyo, wengi wao wavulana. Mwili wao hukosa wasuluhishi, na askari huwageukia wenye nyumba. Watoto hao hupata kuhara kusikokoma, kisukari cha utotoni na ukurutu mkali, na wengi wao hupata mzio mkali wa vyakula. Rehema ya Mwenyezi Mungu huenda ikawa katika kitu kidogo ambacho hatukijui thamani yake mpaka tuone aliyekikosa.

Wasuluhishi wa tumboni husomeshwa papo hapo. Nyuma ya ukuta wa utumbo kuna seli zenye matawi kama mti, ambazo kazi yake ni kuokota vipande vidogo vidogo vya chakula. Huvibeba hadi katika tezi zilizo karibu na utumbo na kuvionyesha kwa seli changa, kama mwalimu amwonyeshavyo mwanafunzi herufi ubaoni. Katika darasa hilo hutumika kitu kitokanacho na vitamini A, ile tuipatayo katika mboga za majani, karoti, maembe na maini. Seli changa zikishahitimu hurudi katika utumbo, na kila chakula kile kipitapo huwazuia askari: huyu twamjua, mwacheni apite.

Bakteria wema wakaao tumboni nao wana fungu lao katika somo hili. Hula nyuzinyuzi za vyakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, na katika kula kwao hutoa asidi ambazo huwazidishia wasuluhishi nguvu. Hili limeonekana wazi kwa panya wa maabara. Mbaazi, pojo, kunde, mchicha na uji wa wimbi, vyakula ambavyo baadhi ya vijana wetu waviona vya kishamba, ndivyo viwalishavyo wenyeji hao. Hatusemi kwamba mbaazi huponya mzio. Twasema kwamba tumbo lililozoeshwa vyakula vya asili vya aina nyingi lina waalimu zaidi.

Funzo la karanga

Kwa miaka mingi madaktari wa nchi za Magharibi waliwashauri wazazi wawakinge watoto na vyakula vyenye kuleta mzio. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto aliye katika hatari ya mzio asipewe karanga mpaka atimize miaka mitatu. Ushauri huo ulionekana wa busara. Hata hivyo mzio wa karanga uliendelea kuzidi.

Elimu yenye manufaa huokotwa popote ilipo. Mwaka 2008 Gideon Lack wa London na wenzake walilinganisha watoto wa Kiyahudi waishio Uingereza na wenzao waishio Israel. Nasaba yao yakaribiana, lakini wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi hivi zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa malezi. Huko Israel watoto wachanga hupewa mapema kitafunio laini cha karanga. Uingereza walizuiliwa.

Ili kuhakikisha, watafiti hao waliwachukua watoto 640 wenye umri wa kati ya miezi 4 na 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai, au vyote viwili. Kundi moja lililishwa karanga kila wiki hadi miaka mitano, kundi la pili likaepushwa nazo kabisa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika walioepushwa, zaidi ya 17 kwa kila 100 walikuwa na mzio wa karanga. Katika waliolishwa, walikuwa kama 3 tu kwa kila 100. Woga uliokusudiwa kuwalinda watoto ulikuwa umewanyima somo.

Lack ameeleza jambo jingine ambalo akina mama yafaa walishike. Chakula kina milango miwili ya kuingilia mwilini. Kikiingia kwa kinywa, hupita kwa wasuluhishi wa tumboni. Kikiingia kwa ngozi iliyochanika, hukutana na askari ambao hawakuonywa. Mtoto mwenye ukurutu ngozi yake ni kama ukuta wenye nyufa. Vumbi la karanga na mafuta ya vyakula vilivyomo nyumbani hupenya hapo, na mwili hujifunza uadui kabla haujajifunza urafiki. Kwa hiyo ukurutu wa mtoto mchanga usipuuzwe wala usipakwe mafuta ya karanga au ya simsim. Utibiwe.

Katika majumba yetu

Tusemeni sasa yanayotuhusu. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kama wanavyoshauri wataalamu wa afya, kisha aanze kuonjeshwa vyakula vya nyumba yake huku akiendelea kunyonya. Yai lililoiva vizuri, samaki aliyeondolewa miiba na karanga zilizosagwa laini ndani ya uji haviogopwi bila sababu. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, kwani zaweza kumkaba roho. Chakula kipya kitolewe kidogo, mchana, mtoto akiwa mzima, na kisichanganywe na kingine kipya siku hiyo. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kudhurika na chakula fulani, aonwe na daktari kwanza. Na ushahidi tulioueleza ni wa karanga. Kwa mayai pia upo. Tusiunyooshe ukafunika kila chakula.

Hapa pana hatari tunayoiogopa zaidi. Mtu aweza kusoma haya kisha akasema, "Basi huyu azoeshwe tu, mpeni kidogo kidogo." La hasha! Kuonjesha mapema ni kinga kwa ambaye hajapata mzio. Aliyekwisha kuupata, tonge moja laweza kumuua. Ziko hospitali ambako madaktari huwazoesha wagonjwa kwa vipimo vidogo sana, dawa zikiwa tayari pembeni. Hiyo si kazi ya nyanya jikoni, wala ya shangazi arusini amtiaye mtoto kamba kinywani kwa siri apate kuthibitisha kwamba mama mtu anamdekeza.

Tumeyaona hayo katika shughuli zetu. Sinia huletwa, mtoto hukataa, na maneno huanza: ana maringo, amelelewa vibaya, mamake ajifanya mzungu. Mama naye kwa kuona haya hunyamaza, na mtoto hula kwa kuogopa watu. Jamani, hiyo si adabu ya chakula tuliyofundishwa. Katika sira twasoma kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, akaiacha kwa upole kwa kuwa haikuwa chakula cha kwao, na Khalid bin Walid akaila mbele yake. Hakuna aliyelazimishwa wala aliyetahayarishwa. Ikiwa kuacha chakula kwa kutokipenda tu kuliheshimiwa hivyo, itakuwaje kwa mwenye kuogopa nafsi yake kuangamia? Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu wa nyumbani, hata mtumishi wa jikoni na mwalimu wa chuo. Mtoto akila kitu kisha akatokwa na mabaka mwili mzima, akavimba midomo au ulimi, akakohoa au kupumua kwa sauti ya filimbi, akatapika mfululizo, akalegea au kuzirai, hapana kungoja. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akiwa apumua kwa shida, aachwe akae. Na akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge vya kutuliza mwasho havichukui nafasi yake, wala maziwa, wala kombe. Mwenye pumu hatari yake ni kubwa zaidi. Na likitokea hilo mchana wa Ramadhani kwa aliyefunga, adungwe sindano na apewe kila dawa anayohitaji. Siku moja hulipwa, roho hailipwi.

Mtu asijihukumu mwenyewe kwamba ana mzio. Wengine maziwa huwajaza gesi na kuwaharisha kwa kuwa matumbo yao hayawezi kusaga sukari ya maziwa. Hiyo ni adha, si mzio. Daktari hupambanua kwa kusikiliza habari zenyewe, kwa kipimo cha damu na cha ngozi. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huondokewa nao wakikua, wasuluhishi wao wakishapata nguvu. Mzio wa karanga na wa kamba mara nyingi hubaki. Kujua ni upi ni upi humwepusha mtoto na hatari, na humwepusha pia na kunyimwa chakula bure.

Yule mama alirudi baada ya Idi. Daktari alikuwa amethibitisha kwamba mtoto ana mzio wa kamba, na kaa pia ameambiwa aache. Tulitaka kujua mavyaa yake alilipokeaje jambo hilo. Akacheka. Alisema bibi huyo alihuzunika siku nzima, akitubu kwa kumbukumbu ya siku aliyomshika mjukuu wake kidevu ili ameze. Sasa ametenga sufuria ya kamba na mwiko wake, na waendapo kwenye shughuli yeye ndiye wa kwanza kuwaambia wapakuaji, "Huyu mjukuu wangu hali kamba wala kaa. Msimpe, na msimuulize kwa nini."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, avibariki vyakula vyetu, na atupe nyoyo za kuwasikiliza wasemao kwamba chakula fulani chawadhuru. Amin.